LEU kwenye majibu ya mkojo: inasema nini, na nini haisemi

Kijana wa Msambweni au Garsen anayepata nafasi katika chuo cha kitaifa cha ufundi cha Sigalagala husafiri zaidi ya kilomita 800 kabla ya kuingia darasani. Sigalagala ni kituo cha biashara katika kaunti ya Kakamega, kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Kakamega, pale inapoanzia barabara ya kuelekea Butere. Akiugua huko bara, akawa na homa, maumivu ya kiuno na mkojo unaochoma, atafanyiwa mambo mawili ambayo angefanyiwa hata Mombasa au Lamu. Atatobolewa kidole apimwe malaria, kisha atapewa kikopo alete mkojo.

Baada ya muda mfupi atakabidhiwa karatasi ya majibu. Kwenye mstari mmoja pameandikwa LEU, na mbele yake pana alama ya kujumlisha, moja, mbili au tatu. Kwa wengi wetu safari huishia hapo. Tunaambiwa "una UTI", tunapewa dawa, tunarudi nyumbani. Wengine hata kwa mhudumu hatufiki; tunaibeba karatasi moja kwa moja hadi duka la dawa.

Makala haya yanaeleza alama hiyo ni ya kitu gani, inapatikana vipi, na kwa nini mtu wa Pwani hasa anapaswa kuielewa kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kwa ufupi, LEU inasema kwamba askari wa mwili wamefika kwenye njia ya mkojo. Haisemi wamekuja kupigana na nani.

Ni kitu gani kinachopimwa?

Damu yetu ina chembe nyekundu zinazosafirisha oksijeni na chembe nyeupe zinazoulinda mwili. Chembe nyeupe ni za aina kadhaa. Zilizo nyingi zaidi huitwa nutrofili, na ndizo hukimbilia mwanzo mahali palipovamiwa na bakteria. Mwaka 1882 mwanasayansi Élie Metchnikoff, akiwa Messina nchini Italia, aliona kwa darubini jinsi chembe za viluwiluwi wa kiti cha pweza zinavyouzingira mwiba aliowachoma. Kutokana na hapo akaeleza kwamba kuna chembe zinazowala wavamizi. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, ambaye kwa kutumia rangi aliweza kuzitenganisha chembe nyeupe aina kwa aina.

Ndani ya nutrofili mna vifuko vidogo vilivyojaa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali. Vingine huua bakteria, vingine huvunjavunja mabaki. Kimojawapo ni esterasi, ambacho kazi yake ni kuzikata kemikali za kundi liitwalo esta. Nutrofili inapokufa na kupasuka, esterasi humwagika nje. Kama jambo hilo limetokea kwenye kibofu au figo, kimeng'enya hicho hutoka na mkojo.

LEU basi ni kifupi cha jina la kitaalamu la chembe nyeupe, lakini kwa hakika kijiti hakihesabu chembe zenyewe. Kinanusa kimeng'enya chake. Hii ina faida. Mkojo ukikaa, chembe huvunjika na mtaalamu wa maabara anaweza asizione chini ya darubini, lakini esterasi yake bado imo na kijiti kitaionyesha.

Kijiti kinavyofanya kazi

Kijiti cha kupimia mkojo ni ukanda mwembamba wa plastiki uliobandikwa vipande vidogo vya rangi. Kila kipande kina kemikali zake. Kimoja hupima sukari, kingine protini, kingine damu, kingine nitriti, kingine esterasi ya chembe nyeupe. Kizazi cha vijiti hivi kilianza mwaka 1956, wakati kampuni ya Ames ya Elkhart, Marekani, ilipotoa kijiti cha kupima sukari kilichobuniwa na wanakemia wawili, mke na mume, Helen na Alfred Free. Kabla ya hapo kupima sukari kwenye mkojo kulihitaji kemikali za majimaji au vidonge maalumu. Kipande cha chembe nyeupe kilikuja baadaye sana, karibu na mwanzo wa miaka ya 1980.

Kipande hicho kimelowekwa esta na chumvi ya kemikali iitwayo diazonia. Esterasi ikiwepo kwenye mkojo, huikata ile esta. Kinachobaki hushikana na diazonia na kutoa rangi ya zambarau. Kadiri kimeng'enya kilivyo kingi ndivyo zambarau inavyokolea. Kwa vijiti vingi rangi ya chini kabisa inalingana na chembe nyeupe kama 15 katika kila maikrolita ya mkojo, na alama tatu za kujumlisha zinalingana na 500 au zaidi.

Zingatia muda. Kipande cha sukari husomwa baada ya nusu dakika hivi na cha nitriti baada ya dakika moja, lakini cha chembe nyeupe huhitaji dakika mbili kamili. Kikisomwa upesi kitasema "hakuna" ilhali kipo. Kikiachwa muda mrefu mno, rangi yake haiaminiki tena.

LEU na nitriti ni mashahidi wawili

Chini au juu ya LEU utaona NIT, yaani nitriti. Mashahidi hawa wawili hutoa ushahidi wa aina tofauti. LEU huonyesha jinsi mwili ulivyoitikia, na NIT huonyesha kazi ya bakteria wenyewe. Bakteria wengi wanaosababisha maambukizi ya mkojo, akiwemo E. koli ambaye ndiye mkosaji wa mara kwa mara, hubadilisha nitrati inayotokana na chakula kuwa nitriti. Lakini wanahitaji muda, kiasi cha saa nne mkojo ukiwa kibofuni. Mtu anayekwenda haja kila baada ya dakika chache huenda akawa na maambukizi na NIT isionekane. Na wapo bakteria wasiotengeneza nitriti kabisa.

Kwa hiyo karatasi husomwa hivi. Kama mgonjwa ana dalili, na LEU na NIT zote zipo, uwezekano wa maambukizi ya bakteria ni mkubwa. Kama zote mbili hazipo, uwezekano ni mdogo, na ni vyema kutafuta chanzo kingine cha dalili. Kama LEU ipo peke yake, bado hatujui. Hapo ndipo penye makosa mengi, kwa sababu LEU peke yake ndiyo inayogeuzwa kuwa hukumu.

Kipimo kinachoamua ni kuotesha mkojo. Mkojo huwekwa kwenye chakula cha vijidudu maabarani, na baada ya siku moja au mbili huonekana ni bakteria gani aliyeota na ni dawa ipi inayomuua. Si kila zahanati ina uwezo huo, wala si kila mgonjwa anauhitaji. Lakini kwa mjamzito, mtoto mchanga, mwanamume, mtu ambaye maambukizi yanamrudia rudia, au aliyetumia dawa bila kupona, ni haki yake kuuliza kama unaweza kufanyika.

LEU bila bakteria wa kawaida

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtu wa Pwani anajua pia mawingu yanayopita bila kudondosha tone. Chembe nyeupe zinaweza kujaa kwenye mkojo wakati bakteria wa kawaida hawapo. Sababu zake ni hizi.

Magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia husababisha uvimbe kwenye njia ya mkojo, na LEU hutokea. Dawa ya kibofu huenda isiyatibu, na mwenzi akiachwa bila kutibiwa ugonjwa hurudi.

Kifua kikuu cha figo. Bakteria wa kifua kikuu haoti kwenye vipimo vya kawaida vya mkojo. Mgonjwa anaweza kuwa na chembe nyeupe na damu kwenye mkojo kwa miezi, akibadilishiwa dawa moja hadi nyingine, pasi na nafuu.

Mawe ya figo. Jiwe hukwaruza njia ya mkojo, likaleta damu, maumivu na chembe nyeupe.

Dawa iliyoanzwa nusu nusu. Mtu aliyemeza vidonge viwili vitatu vya antibiotiki kabla ya kupimwa huenda bakteria wake wasiote, lakini chembe nyeupe bado zitaonekana.

Na kisha kuna kichocho, ambacho kwetu ni jambo la nyumbani.

Kichocho, na kwa nini ulikotoka ni muhimu

Kichocho cha mkojo husababishwa na minyoo iitwayo Schistosoma haematobium. Kwale, Kilifi, Tana River, Unguja na Pemba ni maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huu, na utafiti wake Msambweni umeendelea kwa miongo mingi. Minyoo hiyo hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayechota maji, na huishi kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Mayai yake yenye mwiba kwenye ncha hupenya ukuta wa kibofu. Mwili huyashambulia, na matokeo yake ni damu na chembe nyeupe kwenye mkojo.

Kando ya Ziwa Victoria pia kuna kichocho, lakini kilichozoeleka huko ni cha matumbo, kinachosababishwa na Schistosoma mansoni. Mayai ya huyo yana mwiba ubavuni na hutafutwa kwenye choo, si kwenye mkojo.

Turudi sasa kwa kijana wetu wa Sigalagala. Amekulia karibu na mto au bwawa la Pwani. Minyoo aliyoipata utotoni inaweza kuishi mwilini miaka kadhaa. Karatasi yake inaonyesha LEU, haionyeshi NIT, na kwenye mstari wa damu pana alama. Mhudumu aliyezoea wagonjwa wa magharibi mwa Kenya, eneo lenye malaria nyingi na kichocho cha matumbo, huenda asifikirie haraka kichocho cha mkojo. Akimwandikia antibiotiki, LEU haitaondoka, na kijana atarudi baada ya wiki tatu na malalamiko yale yale. Mayai yakiendelea kukaa kibofuni kwa miaka, hudhuru kibofu na figo, na huongeza hatari ya saratani ya kibofu.

Sentensi moja kutoka kwa mgonjwa ingebadilisha mambo: "Mimi natoka Kwale, na nilikuwa naogelea mtoni." Mayai hutafutwa kwa darubini, na mkojo unaofaa zaidi ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ambapo mayai hutoka kwa wingi. Tiba yake ni prazikwanteli, ambayo dozi yake hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Antibiotiki haiwaui minyoo hao.

Kwa wasichana na wanawake jambo hili lina uzito wa pekee. Mayai ya kichocho hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa na hata ugumba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, na binti asiye na kosa hujikuta akitazamwa vibaya nyumbani na kliniki. Anayetibiwa zinaa mara ya pili na ya tatu bila kupona anastahili kuulizwa kuhusu mto, bwawa na kisima cha utotoni mwake.

LEU inapodanganya

Kipimo chochote kina mipaka yake. LEU inaweza kuonekana bila sababu ya kweli kama mkojo umechanganyika na ute wa ukeni, kama kikopo kilikuwa na mabaki ya dawa ya kuhifadhia, au kama mkojo una rangi kali inayolichanganya jicho. Viazisukari vyekundu na baadhi ya dawa huubadilisha mkojo rangi.

Inaweza pia kufichika. Sukari nyingi kwenye mkojo, jambo la kawaida kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, hupunguza nguvu ya kipimo. Vivyo hivyo protini nyingi, mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji ya kutosha, vitamini C kwa wingi, na baadhi ya antibiotiki kama tetrasaiklini na sefaleksini. Vijiti navyo huharibika vikiachwa wazi. Joto na unyevu wa hewa ya Pwani si rafiki zake, ndiyo maana chupa yake ina kikaushio na inapaswa kufungwa mara tu kijiti kinapotolewa.

Wajawazito, wazee na wenye mpira wa mkojo

Mjamzito anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila kuhisi chochote, na hali hiyo ikiachwa inaweza kupanda hadi kwenye figo na kuhatarisha ujauzito. Kwa hiyo yeye hutibiwa hata asipokuwa na dalili. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito unapendekeza mkojo wake uoteshwe. Pale kuotesha kusipowezekana, unapendekeza bakteria watafutwe kwa rangi na darubini, kuliko kutegemea kijiti. Mama anayekwenda kliniki anaweza kuuliza: "Mmenipima kwa kijiti tu, au mkojo umeoteshwa?"

Kwa wazee hali ni kinyume. Wengi wao, na karibu kila mtu aliyewekewa mpira wa mkojo kwa muda mrefu, huwa na bakteria na chembe nyeupe bila ugonjwa. Kumpa bibi au babu antibiotiki kwa sababu kijiti kimegeuka zambarau, ilhali hana homa, maumivu wala mabadiliko mengine, hakumsaidii. Kunaweza kumletea madhara ya dawa na kuwafundisha bakteria wake usugu.

Kwa nini karatasi isipelekwe moja kwa moja dukani

Bakteria wa mkojo wamekuwa wakizoea dawa tulizokuwa tukizitegemea. Mwaka 2017 Kenya ilitoa sera ya kitaifa ya kuzuia usugu wa dawa, na kisheria antibiotiki zinahitaji cheti cha daktari. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua duka ambalo ukionyesha karatasi yenye alama ya kujumlisha utauziwa. Anayenunua nusu dozi kwa sababu ya pesa, au anayemeza dawa kali kwa mkojo usio na bakteria, anajiondolea silaha ya kesho. Siku maambukizi yatakapofika kwenye figo, dawa ya bei nafuu haitafanya kazi, na itabaki sindano ya hospitali.

Si nia yetu kumtisha mtu asitibiwe. Mwanamke mwenye mkojo unaochoma, anayekwenda haja mara kwa mara, na LEU na NIT zimeonekana, anahitaji dawa na azipate mapema. Mwenye homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni asisubiri makala wala majirani. Hizo ni dalili za figo na anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na huko Kakamega, kama ilivyo kwetu, kipimo cha malaria kuonyesha vimelea hakumaanishi mkojo hauna tatizo. Mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Vimeng'enya vingine vya chembe nyeupe

Esterasi si kimeng'enya pekee kinachotumiwa hivi. Mtu mwenye maji kwenye mapafu huweza kupimwa adenosini diaminasi, kimeng'enya kinachotoka zaidi kwenye chembe nyeupe za aina ya limfositi. Kiwango cha zaidi ya yuniti 40 kwa lita huwafanya madaktari washuku kifua kikuu. Kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidasi nacho husaidia kutambua aina fulani ya saratani ya damu. Kanuni ni ile ile. Kimeng'enya humwonyesha daktari ni chembe zipi zilizopo na wapi, na yeye hukiunganisha na historia ya mgonjwa.

Kabla na baada ya kutoa mkojo

Nawa mikono na sehemu za siri kwa maji safi, bila dawa ya kuua vijidudu. Wanawake watenganishe mashavu ya uke, na mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma. Acha mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati kwenye kikopo safi ulichopewa, kisha malizia chooni. Upeleke mara moja. Usiubebe mfukoni saa mbili kwenye jua. Unaofaa zaidi kwa nitriti ni ule wa alfajiri uliolala kibofuni. Unaofaa kwa kichocho ni wa mchana, kama tulivyoeleza.

Mwambie mhudumu kama una hedhi, kama una mimba, kama una kisukari, na ni dawa zipi ulizomeza wiki hiyo, hata kama ni vidonge viwili ulivyopewa na shangazi. Mwambie ulikokulia na maji uliyoogea. Ukipokea karatasi, tazama mistari mitatu kwa pamoja, LEU, NIT na damu, kisha uliza: "Hii inaonyesha bakteria, au inaonyesha uvimbe tu? Kama dawa hii haitanisaidia, tutapima nini tena?"

Na mzazi mwenye kijana anayejiandaa kwenda kusoma Sigalagala, Eldoret au popote pale bara, pamoja na sanduku na nauli, mkumbushe maneno ya kusema siku akiugua: ametoka Pwani, na mto wa kwao una konokono.